Damu Nzito na Akili Iliyochoka: Chembe Sahani katika Maradhi ya Kusahau



Katika mitaa yetu ya ng'ambo ya kisiwa, tangu Likoni hadi Kisauni na Changamwe, hazikosi nyumba ambazo mzee wao ameanza kusahau. Huuliza kama Alasiri imeadhiniwa, ilhali amekwisha kuisali na msala wake hata haujakunjwa. Hubandika sufuria jikoni kisha akaenda zake kulala. Hutoka kununua mchicha hapo jirani, na njia ya kurudi ikampotea katika mtaa aliozaliwa. Watu wa nyumba nao huwa na maneno mengi. Huyu husema ni uzee tu. Yule husema amefanyiziwa. Wa tatu hudai ni jini. Yupo na wa nne, aghalabu kijana aliyesoma, ambaye husema kwa yakini kwamba damu ya bibi imekuwa nzito, haifiki kichwani, basi na apewe kidonge cha aspirini kila usiku ili iwe nyepesi.

Makala haya yanalihusu neno la huyo wa nne. Tumelichagua kwa sababu lina chembe ya ukweli ambayo wataalamu wamekuwa wakiichunguza kwa zaidi ya miaka 30, na kwa sababu mwenye kulishika nusunusu aweza kumdhuru mzee anayemtakia heri. Damu ina mkono wake katika maradhi ya kusahau. Hilo ni kweli. Lakini mkono huo haukatwi kwa kidonge cha kununuliwa dukani bila ya shauri la daktari.

CHEMBE ZINAZOZIBA MAJERAHA

Wengi wetu hapa Mombasa tulizijua chembe sahani kwa sababu ya homa ya dengi. Ulipozuka mlipuko wa mwaka 2013, na tena ule wa 2017, watu walirudi kutoka maabara na karatasi zilizosema kuwa pleteleti zimeshuka. Katika uchunguzi uliofanywa Tudor mwaka 2013, watu 1,500 walipimwa damu na takribani asilimia 13 wakakutwa na alama za virusi vya dengi. Hizo pleteleti ndizo chembe sahani. Zikipungua mno, mtu huvuja damu kwenye fizi, puani na chini ya ngozi. Na ndiyo maana madaktari huonya kwamba mwenye homa hiyo asipewe aspirini.

Chembe sahani ni vipande vidogo mno vinavyoelea katika damu. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa kwa kumeguka kutoka katika seli kubwa, kama tonge zimegwazo katika mkate mmoja. Kila siku mwili humega chembe zipatazo bilioni 100, na kila moja huishi siku 7 hadi 10 tu kabla ya kuondolewa na wengu na ini. Katika tone lenye ujazo wa milimita moja tu ya mchemraba, mtu mwenye afya huwa na chembe kati ya 150,000 na 450,000. Mwaka 1882 tabibu wa Italia, Giulio Bizzozero, alizieleza kwa jina na kazi yake, baada ya kuziona kwa hadubini zikikusanyika mahali mshipa ulipojeruhiwa.

Kazi yake kila mama wa nyumba ameiona bila ya kuitambua. Kisu kinapoponyoka na kukata kidole wakati wa kumenya vitunguu, chembe sahani hukimbilia ufa wa mshipa, zikanata hapo, zikabadilika umbo na kushikamana zenyewe kwa zenyewe. Kisha hufungua vifuko vidogo vilivyomo ndani yake na kumwaga vitu vinavyoziita nyingine zije kusaidia. Dakika chache baadaye damu huwa imekoma. Ni neema kubwa ya Mola, na lau isingekuwapo, mchubuko mdogo ungemmaliza mtu. Lakini ndani ya vifuko hivyo kuna kitu kingine, nacho ndicho kinachotuleta kwenye maradhi ya kusahau.

PROTINI ILIYOKUNJIKA VIBAYA

Mwaka 1854 tabibu wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alipaka ayodini juu ya vipande vya mwili vilivyokuwa na uchafu usiojulikana, navyo vikageuka rangi kama inavyogeuka wanga. Akadhani ni aina ya wanga, akauita amiloidi, jina litokanalo na neno la kale la wanga. Baada ya miaka mitano ilibainika kwamba si wanga bali ni protini, lakini jina likabaki hadi leo.

Protini mwilini hukunjwa kila moja kwa namna yake, na kazi yake huutegemea mkunjo huo. Protini ikikunjika vibaya, huweza kunatana na nyenzake zikawa nyuzi ngumu ambazo mwili hauwezi kuziyeyusha upesi. Nyuzi hizo ndizo amiloidi. Ziko aina nyingi, na kila aina ina kiungo inachokipenda: nyingine hukaa moyoni, nyingine kwenye figo. Inayokaa katika ubongo wa wazee wengi wanaosahau huitwa amiloidi-beta.

Tarehe 3 Novemba 1906, huko Tübingen nchini Ujerumani, Alois Alzheimer aliwaeleza madaktari wenziwe habari za mwanamke aitwaye Auguste Deter. Mama huyo alipokewa katika hospitali ya Frankfurt mnamo Novemba 1901 akiwa na umri wa miaka 51. Alikuwa amepotewa na kumbukumbu kiasi kwamba alipoulizwa jina la mumewe alitaja jina lake mwenyewe. Alifariki Aprili 1906, na Alzheimer alipouchunguza ubongo wake aliona mabaka nje ya seli na nyuzi zilizotatizana ndani yake. Mwaka 1910 maradhi hayo yakapewa jina la tabibu huyo. Leo Shirika la Afya Duniani lahesabu kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na maradhi ya kusahau ya aina zote, na katika kila 10 kati yao, 6 hadi 7 wana ya Alzheimer.

Ilichukua muda hadi mwaka 1984 kujulikana mabaka yale yameundwa kwa nini. George Glenner na Cai'ne Wong, waliokuwa California, ndio walioichambua protini ya amiloidi-beta kwa mara ya kwanza. Msomaji azingatie jambo moja hapa: hawakuitoa katika mabaka, bali katika mishipa ya damu ya utando unaoufunika ubongo. Tangu siku ile ya kwanza, basi, habari ya amiloidi ya ubongo imekwenda sambamba na habari ya mishipa.

Amiloidi-beta haizaliwi peke yake. Hukatwa kutoka katika protini mama iliyo kubwa zaidi, na wakataji ni vimeng'enya vinavyofanya kazi ya mkasi. Protini mama hiyo imo katika seli za ubongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walithibitisha kwamba imo pia, tena kwa wingi, katika vile vifuko vya chembe sahani. Chembe zinapoamka kuziba jeraha humwaga protini mama pamoja na amiloidi-beta. Watafiti hukadiria kuwa takribani asilimia 90 ya amiloidi-beta inayozunguka katika damu yetu hutoka kwa chembe hizi.

DAMU NA UBONGO ZINAPOKUTANA

Je, iliyo katika damu yaweza kuingia katika ubongo? Mwenyezi Mungu ameuwekea ubongo ulinzi wa pekee. Kuta za mishipa yake midogo zimebanana kama ukili uliosukwa vizuri, hazipitishi ila kinachohitajika. Lakini umri, presha ya muda mrefu na sukari huulegeza usukaji huo.

Mwaka 2017 watafiti wa China na Kanada walitangaza matokeo ya jaribio la panya. Waliwaunganisha panya wawili wawili damu zao zikawa zinazunguka pamoja kwa muda wa miezi 12; mmoja alikuwa mwenye kutengeneza amiloidi ya binadamu na mwingine mzima. Baada ya muda, amiloidi hiyo ilikutwa katika ubongo wa yule aliyekuwa mzima. Ilikuwa dalili ya wazi kwamba kilichomo katika damu chaweza kuvuka.

Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, walikuwa wameonyesha jambo la pili. Amiloidi-beta inapozigusa chembe sahani, huziamsha kana kwamba mshipa umekatika. Chembe zikiamka hunata ukutani mwa mshipa, hushikamana, na kumwaga vitu vinavyosaidia amiloidi kufanya nyuzi. Nyuzi nazo huamsha chembe nyingine. Ni gurudumu: kila kimoja chasukuma kingine. Panya wenye maradhi hayo walipopewa klopidogreli, dawa inayozituliza chembe sahani, amiloidi katika mishipa ya ubongo wao ilipungua.

Wataalamu hutofautisha mahali pawili ambapo amiloidi hukaa. Ya kwanza ni katikati ya seli za ubongo. Hayo ndiyo mabaka ya Alzheimer. Ya pili ni ndani ya kuta za mishipa yenyewe. Ile ya mishipa aghalabu ni ya aina fupi zaidi, nayo ndiyo aina ambayo chembe sahani huitoa kwa wingi. Ndiyo maana wengi wao waona kuwa mchango wa damu ni mkubwa zaidi upande wa mishipa. Mshipa ulioingiwa na amiloidi hukauka na kuwa mwepesi kuvunjika, kama mpira wa maji ulioachwa juani miaka mingi. Huweza kuziba, na huweza kupasuka.

Tuseme kwa uadilifu: panya si binadamu, na chembe sahani si mkosaji wa pekee. Umri wenyewe, urithi wa ukoo, na zile nyuzi zilizotatizana ndani ya seli, vyote vina sehemu yao. Hata hivyo picha inayojitokeza ni hii, kwamba akili ya uzeeni haitengani na hali ya mishipa iliyoilisha kwa miaka 50 au 60.

JE, ASPIRINI NI DAWA YAKE?

Hapa ndipo kijana wetu wa "damu nzito" hutaka kusimama na kusema: "Si niliwaambia?" Aspirini nayo hutuliza chembe sahani. Ikiwa chembe huchangia amiloidi, kwa nini basi asipewe bibi?

Jibu lilitafutwa kwa watu, wala si kwa panya. Nchini Uingereza wagonjwa 310 wa Alzheimer waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likapewa aspirini na jingine lisipewe, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Kumbukumbu za waliomeza hazikuwa bora kuliko za wasiomeza. Ila waliomeza walivuja damu zaidi: 13 kati yao walilazwa hospitalini kwa kuvuja damu, ilhali kwa wasiomeza walikuwa 2 tu, na 3 wa fungu la aspirini walifariki kwa damu kuvujia ubongoni. Mwaka 2018 yakaja matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, wa wazee 19,114 wa Australia na Marekani ambao walikuwa wazima walipoanza. Nusu yao walimeza aspirini kidogo kila siku kwa karibu miaka mitano. Haikuwakinga na maradhi ya kusahau, na kuvuja damu kwa hatari kuliongezeka.

Sababu yake si ngumu kuifahamu kwa aliyetufuata hadi hapa. Mshipa wenye amiloidi tayari una nyufa. Chembe sahani ndizo mafundi wanaoziziba nyufa hizo kila siku. Ukiwafukuza mafundi ilhali ukuta ni ule ule mbovu, nyumba haitengenei; hubomoka upesi zaidi.

Kwa hiyo tunawasihi wasomaji wetu mambo matatu. La kwanza, asipewe mzee aspirini wala dawa yoyote ya kulainisha damu kwa sababu ya kusahau tu, bila ya daktari. La pili, ambalo lina uzito ule ule, ni kwamba mzee aliyeandikiwa aspirini au klopidogreli na daktari kwa ajili ya moyo au kiharusi asiiache kwa kusoma makala haya. Yeye ana sababu nyingine, na kuacha ghafla kuna hatari yake. La tatu ni kuhusu hijama. Kupiga chuku ni jambo linalopendwa katika jamii yetu, na hatuna neno juu yake. Lakini hijama haiondoi amiloidi iliyokwisha kuganda katika ubongo, na mzee anayemeza dawa ya kulainisha damu hana budi amwambie daktari na muumishi kabla ya kuchanjwa, kwani damu yake haikomi upesi.

Zipo pia dawa mpya zinazoiondoa amiloidi katika ubongo. Ya kwanza kupata idhini kamili huko Marekani, lekanemabu, iliipata mwaka 2023. Hupunguza kasi ya maradhi kwa walio mwanzoni, lakini hazirudishi kilichopotea. Nazo huweza kuleta uvimbe na damu kuvuja ubongoni, hata mgonjwa hulazimika kupigwa picha za kichwa mara kwa mara. Atakayekuja mlangoni akinadi kichupa cha "kusafisha ubongo", msimfungulie mkoba.

MISHIPA NDIYO AMANA

Ikiwa hakuna kidonge cha mkato, kipo nini? Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la Lancet la Uingereza lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni, karibu asilimia 45 ya maradhi ya kusahau duniani yangeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Tukiyasoma mambo hayo tunaona mengi ni ya mishipa: presha, sukari, mafuta mabaya katika damu, unene, sigara na kukaa bila ya kutembea.

Wala haya si maradhi ya Wazungu pekee. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kuwa watu 6 hivi katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kusahau. Kwa upande mwingine, utafiti uliotangazwa mwaka 2001 uliwalinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Wale wa Ibadan walipatwa na maradhi haya kwa kiasi kisichofika nusu ya wenzao. Watu wa asili moja, maisha mbalimbali. Ni onyo kwetu ambao maisha yetu yanabadilika upesi, miguu ikiachiwa tuktuk na bodaboda, na meza zikijaa soda na viazi vya kukaanga.

Chembe sahani zenyewe hukasirishwa na mambo haya haya. Moshi wa sigara na shisha huziamsha. Sukari isiyodhibitiwa huziamsha. Presha inayokwaruza kuta za mishipa huziamsha. Hazihitaji kuuawa. Zahitaji zisichokozwe. Basi yafuatayo yamo katika uwezo wa familia zetu, inshaallah:

Presha ipimwe hata kwa asiyeumwa na kitu, kwani haina dalili mwanzoni, na aliyepewa dawa yake aimeze kila siku wala asingoje kichwa kiume. Kipimo ni cha dakika mbili, na hupatikana katika zahanati za mitaani.

Mwenye sukari aifuate miadi yake, hata mwezi wa Ramadhani, na aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama ili dawa zipangwe upya.

Chumvi ipunguzwe kwenye mchuzi na achari, na samaki, kunde, mchicha na matunda vizidi kwenye sinia. Chakula cha jadi cha pwani kilikuwa na haya yote kabla hatujakizidishia mafuta.

Mzee atembee. Mwenye kwenda msikitini kwa miguu vipindi vitano amekwisha kupata mazoezi yake. Na bibi naye asifungiwe ndani kwa jina la kumstarehesha.

Masikio na macho yaangaliwe. Mtu asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na akili isiyozungumzishwa hudhoofu. Kichwa nacho kilindwe: anayepanda bodaboda avae kofia ya chuma.

Na mabinti wasomeshwe. Miongoni mwa mambo yale 14, la kwanza kwa umri ni elimu ya utotoni. Akili iliyozoezwa mapema huwa na akiba ya kuishi nayo uzeeni.

SI KILA USAHAULIFU NI ALZHEIMER

Kusahau pahali ulipoweka ufunguo ni jambo la kila mtu. Kuushika ufunguo usijue ni wa kazi gani, au kupotea mtaani mwako, au kushindwa kuupika wali uliopika maisha yako yote, hilo lataka daktari. Naye daktari ataanza kwa kutafuta yanayotibika, kwani yapo mengi: tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa vitamini B12, ambao huwapata hasa waliomeza metifomini ya sukari kwa miaka mingi, maambukizi ya njia ya mkojo, huzuni nzito ya kufiwa, dawa za usingizi na za mafua, na damu iliyovujia chini ya fuvu baada ya kuanguka. Mzee aliyevurugikiwa akili ghafla, kwa siku moja au mbili, apelekwe siku hiyo hiyo. Hiyo si kawaida ya Alzheimer, ambayo huja polepole kwa miaka.

Anzeni katika kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka huko mgonjwa huweza kuandikiwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Coast General kisiwani. Na Changamwe ipo Port Reitz, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa kuhudumia maradhi ya akili. Mchukulieni daktari dawa zote anazomeza mzee ndani ya mfuko mmoja, za hospitali na za kienyeji, na aende naye yule anayeishi naye na kumjua, si mtoto wa kiume aliyekuja wikendi na hajui bibi ameanza lini.

HESHIMA YA ALIYESAHAU

Limebaki jambo ambalo halimo katika maabara. Jirani zetu wa kaunti ya Kilifi wameshuhudia wazee wakituhumiwa uchawi, wakafukuzwa na hata kuuawa, kwa sababu ya mvi zao na maneno yasiyoeleweka. Kule Ganze pamekuwapo Kaya Godoma, kimbilio la wazee waliookolewa kutoka kwa watu wao wenyewe. Mwanamke mkongwe anayetembea usiku akisema peke yake hana uchawi wowote. Yamkini ni mgonjwa, na mabaka yaliyomo ubongoni mwake yalianza miaka 15 au 20 kabla ya mtu yeyote kuona. Kila anayelifahamu hili alieleze barazani, maana neno moja la mtu mwenye kuheshimiwa laweza kuokoa roho.

Qur'ani Tukufu imeitaja hali ya mja kurudishwa kwenye umri dhalili, asijue kitu baada ya kujua, katika Sura an-Nahl na tena katika Sura al-Hajj. Na katika Sura al-Israa tumekatazwa hata neno dogo la kuchoka mbele ya wazazi waliofikia uzee. Anayeulizwa swali moja mara kumi ndiye anayejua uzito wa katazo hilo. Tusibishane na mzee aliyesahau. Ubishi humtisha wala haumkumbushi. Tumjibu, kisha tumgeuzie jambo jingine. Kumbukumbu za utotoni aghalabu ndizo zinazodumu, na aliyesahau chakula cha mchana huweza bado kuisoma sura aliyoihifadhi chuoni. Tumsomee, naye atafuata. Anayerudia sala moja mara nne asikemewe, na kuhusu sala na saumu za aliyepotewa na akili familia imwulize sheikh wake, kwani sheria imemwekea wepesi ambao wengi hawaujui.

Nyumbani, nambari ya simu ishonwe ndani ya buibui au kanzu yake. Mtungi wa gesi ufungwe usiku. Dawa zifichwe, zitolewe na mtu mmoja.

Na mtu huyo mmoja asiachiwe mzigo wote. Katika nyumba zetu ulezi huu humwangukia binti mmoja au mke wa mwana, akauchukua usiku na mchana hadi naye akaugua, ilhali ndugu wengine hutuma pesa na salamu. Pesa ni njema, lakini usiku mmoja wa zamu ni bora zaidi kwake. Wanaume wa nyumba wakae na mzazi wao walau siku moja kwa wiki ili mlezi alale, asali kwa utulivu, aende kwao. Kumtunza anayemtunza mzee ni sehemu ya kumtunza mzee.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wazee wetu, awahifadhie akili waliobaki nazo, na atupe sisi subira ya kuwa kumbukumbu yao pindi yao inapowaishia. Wabillahi tawfiq.